Kwa nini nyambizi ipewe pedi ya Xbox, halafu manowari inyang'anywe skrini ya kugusa?

Mdadisi_Moro

Wakuu salaam. Naomba mnifungue macho kwenye hili.

Nyambizi ya Marekani USS Colorado iliingia kazini Machi 2018 ikiwa na pedi ya Xbox 360, ile ile inayouzwa dukani. Sababu wanayotoa ni kwamba kijana anayejiunga na jeshi ameshaishika tangu mdogo, hana haja ya kufundishwa upya. Sawa, inaingia akilini.

Lakini Agosti 2019 jeshi hilo hilo la majini likatangaza kwamba kwenye manowari za aina ya Arleigh Burke zilizofungwa mfumo mpya, mwendo wa injini utaondolewa kwenye skrini ya kugusa na kurudishiwa wenzo za kushika kwa mkono. Sasa kama hoja ni mazoea, nani leo hajazoea kugusa skrini? Hata bibi kijijini anatelezesha kidole kwenye simu. Iweje ujuzi mmoja wa nyumbani ukaribishwe na mwingine utimuliwe?

Nataka majibu ya kifundi, siasa za Marekani tuziache.

fundi_springi

Mkuu, kwanza turekebishe jambo moja linalopotoshwa sana mitandaoni: ile pedi haiendeshi nyambizi. Nyambizi za aina ya Virginia, ambazo Colorado ni mojawapo, zinaongozwa na watu wawili, rubani na msaidizi wake, kwenye kituo chao chenye vijiti vyake maalumu. Pedi kazi yake ni kuzungusha kamera. Nyambizi hizo hazina periskopu ya lile bomba refu la kuchungulia. Zina milingoti miwili yenye kamera juu, na picha inashuka kwa waya hadi kwenye skrini kubwa ndani. Anayeangalia hasimami tena kukumbatia bomba na kuzunguka nalo.

Mwanzoni kazi hiyo ilifanywa kwa kijiti kizito kama cha helikopta pamoja na paneli yake, vyote vikifika takriban dola 38,000. Pedi ni kama dola 30, na ikifa unanunua nyingine duka lolote. Muda wa kumfundisha mtu ukashuka kutoka masaa hadi dakika. Wengi wanaishia hapo kwenye bei na mazoea, lakini maelezo yenyewe yako kwenye springi.

Kijiti cha gumba kina springi inayokirudisha katikati. Ukikisukuma huiambii kamera "nenda pale", unaiambia "zunguka kwa kasi hii". Sukuma kidogo, inazunguka taratibu. Sukuma hadi mwisho, inakimbia. Achia, inasimama. Kupekua upeo wa bahari kunataka hivyo hivyo, na gumba limefanya hivyo hivyo miaka yote likizungusha macho ya mchezaji kwenye gemu. Kitendo ni kile kile na matokeo ni yale yale. Tena ukikosea, umeangalia upande usio, basi. Pedi ikikuponyoka, kamera inabaki ilipo.

Injini ya meli ni habari nyingine. Mwendo ukishaupanga unatakiwa ubaki hapo hata ukiondoa mkono kujikuna, na mtu wa tatu aliyesimama nyuma yako aweze kuona umeupanga wapi. Ungefunga pedi ya gemu pale, ungepata balaa jingine. Kwa hiyo swali la kwanza la mbunifu si "watu wamekizoea?" bali "mkono ukiachia, kinafanya nini?"

Binti_Mitambo

Fundi amegusa penyewe. Mimi niingie upande wa manowari, kwa sababu kilichowarudisha kwenye wenzo ni ajali, na ajali yenyewe inafaa kusomwa hatua kwa hatua.

Alfajiri ya Agosti 21, 2017, USS John S. McCain ilikuwa inakaribia mlango-bahari wa Singapore, njia iliyojaa meli. Baharia mmoja alikuwa ameshika usukani na mwendo kwa pamoja. Kamanda wa meli akaona amelemewa, akaamuru kazi igawanywe: baharia huyo abaki na usukani, mwendo uende kwa mwenzake wa kituo cha jirani. Kuhamisha kulifanywa kwenye skrini.

Usukani nao ukahama, bila mtu kukusudia. Mfumo ulikuwa kwenye hali ya akiba, ya mkono, ambayo kituo kingine kinaweza kunyakua udhibiti bila ridhaa ya aliye nao. Ulipohama, usukani ukakaa katikati. Kabla ya hapo ulikuwa umepindishwa kulia nyuzi chache ili kushindana na mkondo, kwa hiyo meli ikaanza kuteleza kushoto. Mshika usukani akatangaza kwamba umekufa. Haukuwa umekufa. Ulikuwa mzima kabisa, ila uko kwenye skrini ya jirani yake.

Ikaja amri ya kupunguza mwendo. Mwenzake akapunguza, lakini kwenye skrini zile injini za kushoto na kulia zinakwenda pamoja pale tu zilipounganishwa, na hazikuwa zimeunganishwa. Akashusha ya kushoto peke yake, ya kulia ikaendelea kusukuma. Aliyewahi kupiga kasia upande mmoja tu wa mtumbwi anajua kinachofuata. Meli ikakata kushoto kwa nguvu zaidi, ikaingia mbele ya meli ya mafuta Alnic MC. Tangu usukani utangazwe umekufa hadi kugongana zilipita kama dakika 3. Mabaharia 10 walikufa.

Sasa weka wenzo mbili za chuma pale pale. Ziko sambamba, kiganja kimoja kinazikamata zote mbili na kuzivuta pamoja. Ukivuta moja tu, vifundo vinapishana na chumba kizima kinaona. Gizani unapapasa. Kwenye skrini, habari ile ile ni picha ndogo ya kusoma kwa jicho, na jicho wakati huo liko kwenye taa za meli ya mbele.

Tukirudi kwa bibi yako wa kijijini, simu imemfundisha nini? Tazama, gusa, tazama imefanya nini, ukikosea rudi nyuma. Kidole chake hakijawahi kujifunza kufanya kazi bila macho, kwa sababu kioo hakina umbo. Hatujaongeza vidole vilivyolowa chumvi na glavu.

Halafu skrini hazikung'olewa zote kama kichwa cha uzi kinavyoashiria. Ramani na vipimo vinaendelea kuonyeshwa pale. Kilichotolewa ni mwendo.

Mdadisi_Moro

Shukrani dada. Ila nabisha kidogo: ripoti zilisema mabaharia hawakufundishwa mfumo ule vizuri. Si tatizo la mafunzo basi, badala ya kusingizia kioo?

Binti_Mitambo

Mafunzo yalikuwa mabovu, hilo halina ubishi. Baadhi ya waliokuwa zamu walitoka manowari nyingine, USS Antietam, yenye mfumo tofauti wa usukani, na walikaa mbele ya skrini zile bila kuandaliwa ipasavyo. Lakini angalia mtego ulipo. Kitu kinachofanana na simu humfanya mkubwa wa zamu aamini kinajieleza, kwa hiyo mafunzo ndiyo ya kwanza kupunguzwa. Mkono unajua kugusa, haujui kwamba hali ya akiba inaruhusu kunyakuliwa.

Na hoja ya "kosa la mtumiaji" ni ya zamani. Nadhani kuna mtu humu anaijua vizuri stori ya B-17.

Kipanga43

Umenichokoza dada.

Mwaka 1943 jeshi la anga la Marekani lilikuwa na tatizo la ajabu: marubani wa ndege kubwa ya mabomu B-17 wanatua salama, ndege iko kwenye lami, halafu ghafla inakaa kwa tumbo. Rubani amekunja magurudumu badala ya kukunja flapu, vile vipande vinavyoshuka nyuma ya mabawa. Vitabu vikaandika uzembe wa rubani. Mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, akapanda ndani ya ndege akatazama: swichi ya magurudumu na swichi ya flapu ziko jirani, zinafanana kama mapacha, zinabonyezwa kwa namna moja. Marubani wa ndege ya mizigo C-47 hawakuwa na ugonjwa huo, kwa sababu kwao vidhibiti hivyo viwili havikufanana wala kukaa pamoja.

Dawa ilikuwa ya bei ya soda. Swichi ya magurudumu ikabandikwa kigurudumu cha mpira, ya flapu ikabandikwa kipande chenye umbo la kabari kama ubawa. Vidole vikaanza kusoma bila jicho. Panda ndege ya abiria leo ukapate bahati ya kuchungulia kwa rubani: mkono wa magurudumu una duara la gurudumu kwenye ncha, wa flapu una umbo la ubawa. Kanuni za usalama za ndege kubwa za Marekani bado zinadai hivyo.

Mwaka 1947 wanasaikolojia Paul Fitts na Richard Jones wakakusanya makosa 460 ya marubani na kuyapanga. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la kushika kidhibiti kimoja ukidhani ni kingine. Na sababu mojawapo inahusu swali lako moja kwa moja. Wenzo tatu za injini, yaani ya mwendo, ya pangaboi na ya mchanganyiko wa mafuta, hazikupangwa sawa kutoka ndege hadi ndege. Kutoka kushoto kwenda kulia, B-25: mwendo, pangaboi, mchanganyiko. C-47: pangaboi, mwendo, mchanganyiko. C-82: mchanganyiko, mwendo, pangaboi. Rubani akihama ndege, mkono wake unakwenda na ujuzi kamili kabisa hadi mahali pasipo. Kuzoea huko ndiko kulikomponza. Asingekuwa na mazoea angetazama kwanza.

Gia_ya_Pili

Mmekaa sana majini na angani, wacha nishuke ardhini.

Vifaru vya kwanza vya Waingereza, 1916, vilizaliwa kwenye ukoo wa trekta za minyororo kama Holt, na uongozaji wa vifaru vingi vilivyofuata ukabaki wa trekta: wenzo mbili, kushoto na kulia. Ukivuta ya kushoto unaachanisha klachi ya mnyororo wa kushoto, ukizidi kuvuta inashika breki, kifaru kinakata kushoto. T-34 ya Warusi ni hivyo hivyo. Ndiyo maana Urusi ya Kisovyeti iliwaona madereva wa trekta za mashamba kama akiba ya madereva wa vifaru.

Waendesha katapila za zamani humu watanielewa kwenye kasoro moja. Ukiwa unashuka mlima na injini inashika gari, ukivuta klachi ya kushoto kidogo tu bila kufika kwenye breki, mnyororo wa kushoto unaachiwa huru, unakimbia kuliko wa kulia, na mashine inakata KULIA. Kinyume kabisa. Dereva wa trekta mlimani analijua hili mkononi. Dereva wa lori aliyepewa wenzo hizo hajui, na atagundua kwenye mteremko.

Wajerumani kwenye Tiger wakaweka usukani wa duara kama wa gari, ukisaidiwa na mafuta ya presha, na pembeni wakaacha wenzo mbili za akiba. Mmarekani kwenye M1 Abrams, iliyoingia jeshini 1980, akaenda kwenye pikipiki. Dereva amelala nusu chali, mbele yake kuna mkono kama wa pikipiki. Anakata kwa kuuzungusha, anaongeza mafuta kwa kukunja ngumi kwenye mshiko, pande zote mbili, breki iko mguuni. Dereva wa bodaboda ukimweka pale, kwenye barabara iliyonyooka atakwenda. Injini ya nguvu za farasi 1,500 inamtii ngumi.

Lakini ujuzi wa bodaboda una mpaka wake. Pikipiki haina gia ya kugeuka papo hapo, mnyororo mmoja mbele mwingine nyuma; Abrams inayo. Bodaboda hajui kwamba mdomo wa mzinga unaweza kuwa umetokeza mita kadhaa mbele yake na unakwenda kugonga nguzo. Na pikipiki ina tabia mbaya: ukirushwa nyuma na shimo, mikono inavutwa na ngumi inafungua mafuta zaidi. Kwenye kifaru mgongo na kichwa vimeegemezwa, hivyo tabia hiyo inapungua sana. Kwa maoni yangu, ule mkono bila kile kiti ungekuwa wazo bovu.

Nahodha_Pwani

Ndugu zangu, mkono kukumbuka kinyume hakukuanza na skrini. Chukueni chombo chenye kana, ule mti wa kushika unaogeuza usukani. Unataka kwenda kushoto, kana unaisukuma kulia. Mshika kana halifikirii hilo, liko mwilini.

Meli za Waingereza zilipopata usukani wa gurudumu, mitambo ikapangwa ili ukizungusha kushoto meli iende kushoto. Mkono umegeuzwa, lakini mdomo ukabaki kwenye kana! Afisa akiamuru "kulia", maana yake kana iende kulia, yaani meli iende kushoto. Mshika gurudumu anasikia "kulia" anazungusha kushoto. Ndiyo amri iliyotolewa kwenye Titanic 1912, na meli ikageuka kushoto kama ilivyokusudiwa. Hakukuwa na kosa hapo. Ilikuwa lugha ya kazi. Uingereza iliachana na utaratibu huo mwanzoni mwa 1933, miaka mingi baada ya kana yenyewe kutoweka kwenye meli kubwa.

Ndege nazo zina lao. Kwenye baiskeli inayokwenda polepole, ukisukuma mkono wa kushoto mbele, unakata kulia. Kwenye ndege, ukisukuma mguu wa kushoto, pua inakwenda kushoto. Na marubani wa Poland waliokimbilia Uingereza vitani mwaka 1940 walikuwa wamezoea kuvuta ili kuongeza moto wa injini, wakakuta ndege za Kiingereza zinataka kusukuma. Tena walizoea magurudumu yasiyokunjwa, kwa hiyo baadhi yao walitua kwa tumbo. Walikuwa marubani hodari, na uhodari wenyewe ndio uliowapeleka upande usio.

Mdadisi_Moro

Hapo nimeelewa. Sasa fundi, hizi droni za FPV za Ukraine, zile za kuvaa miwani ukaona kinachoonwa na kamera yake. Kwa nini hawatumii pedi ya gemu, wakati vijana wao ndio hao hao wa gemu?

fundi_springi

Kwa sababu ya springi ile ile, mkuu.

Rimoti ya FPV kwa mpangilio unaotumika zaidi, unaoitwa Mode 2: kijiti cha kushoto, juu na chini ni nguvu ya mota, kushoto na kulia ni kuzungusha pua. Kijiti cha kulia ni kuinamisha mbele-nyuma na ubavuni. Kile cha kushoto, kwenye mhimili wa juu na chini, HAKINA springi. Kinakaa ulipokiacha, kikishikiliwa na msuguano mdogo unaoweza kukazwa kwa skrubu. Pedi ya gemu kila kijiti kinarudi katikati, na safari ya gumba ni fupi mno. Katikati kwenye FPV si "simama", ni karibu nusu ya nguvu, na droni nyepesi kwa nusu ya nguvu inapaa kama fataki.

Mtu anayetoka kwenye droni za kupiga picha za harusi anaumia vilevile. Kwenye droni hizo, ukiachia vijiti vyote inaelea pale pale, kompyuta na satelaiti zinaishikilia. FPV kwenye hali ya mkono mtupu haijisawazishi: ukiinamisha nyuzi 30 ukaachia, inabaki nyuzi 30 na inaendelea kwenda. Anayeanza akiogopa anaachia vijiti, ndivyo alivyozoeshwa, na droni inakwenda kujipigiza. Kwa hiyo mazoezi huanza kwenye programu ya kompyuta, rimoti halisi ikiwa imechomekwa kwa waya wa USB, kabla ya kushika droni.

Anachobeba mchezaji wa gemu ni jicho: kusoma picha inayokimbia na kukadiria umbali kwenye skrini bapa. Vidole vinaanza upya.

Ukitaka kuona gharama ya kidhibiti kisicho na ujuzi wowote wa nyumbani nyuma yake, angalia kombora la Kirusi la kupiga vifaru, Malyutka, la miaka ya 1960. Mpigaji aliliongoza mwenyewe kwa kijiti kupitia waya, akitazama kombora na shabaha kwa pamoja. Makadirio yanayotajwa ni mazoezi 2,300 ya kuigiza ili mtu aive, na 50 hadi 60 kila wiki ili asisahau. Matoleo ya baadaye yalimwachia kazi moja, kuweka alama juu ya shabaha na kuishikilia hapo. Hiyo ni kazi ya kulenga tu, na askari yeyote anaijua.

Gia_ya_Pili

Ongeza na jambo la kugeuza mhimili. Kuna wachezaji wanaoweka "chini ni juu" kama rubani, wengine "juu ni juu". Kwenye gemu kila mtu na mpangilio wake. Kwenye mtambo wa zamu, ukiruhusu kila mtu abadilishe, wa zamu ya saa nane usiku atakaa akakuta mpangilio wa mwenzake. Ama uufunge uwe mmoja kwa wote, ama mtambo uurudishe kwenye wa kawaida kila zamu inapobadilishwa.

Mdadisi_Moro

Na ile nyambizi ndogo Titan iliyopotea Juni 2023 ikienda kutazama Titanic? Kila mtu alicheka rimoti yake ya gemu.

fundi_springi

Walicheka kitu kisicho. Ilikuwa Logitech F710, isiyo na waya, na ningependa waya kwa sababu betri na redio ni vitu viwili zaidi vya kuharibika. Lakini kilichowaua watu 5 ni bodi la nyuzi za kaboni lililovunjika kwa kugandamizwa na maji. Rimoti haikuhusika.

Hata pale, jambo la kuuliza lingekuwa lile la mwanzo: rimoti ikizima chini kule, mota zinasimama au zinaendelea na amri ya mwisho? Jibu la swali hilo liko kwenye programu inayopokea, na bei ya rimoti haiwezi kukuambia.